Mrejesho: mtungi wa gesi uliopasua vigae vya mwenye nyumba

Nawashukuru nyote mlionishauri baada ya mtungi wa gesi kuniponyoka jikoni na kupasua vigae viwili, naye mwenye nyumba akadai nigharamie sakafu nzima pamoja na rangi ya ukuta. Nilipiga picha, nikaleta makadirio ya fundi kwa maandishi, kisha tukakaa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alisema vigae ni juu yangu, lakini rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu wa kawaida. Ushauri wa kuhama kimyakimya niliuacha. Hata hivyo, fedha ya dhamana haikurudi yote, kwa kuwa vigae vya rangi ile havipatikani tena madukani, hivyo amekata gharama ya kubadilisha safu nzima ya mlangoni. Makato hayo tumeyaandika na kutia sahihi sote wawili.