Mrejesho: ile ngome ya Kasparov kwenye d4

Niliuliza kuhusu mchezo wa sataranji (chesi) kati ya Kasparov (kete nyeupe) na Topalov (nyeusi): kama Topalov angeweza kuikataa ngome aliyotolewa sadaka na Kasparov kule Wijk aan Zee, Uholanzi, mwaka 1999, au alikuwa ameshashindwa hata kabla ya hapo. Wengi mlinishauri nipange kete na kujaribu mfalme wa Topalov aende b6 (herufi na namba kama hizi ni majina ya miraba ya ubao). Nimefanya hivyo, na asanteni sana.

Jibu ni kwamba angeweza! Mfalme akiingia b6 anamtishia farasi wa a5, na ngome ya d4 bado inakabiliwa na askari wa c5. Kasparov analazimika kumrudisha farasi b3, Topalov anamla askari wa d5 kwa askofu, malkia wanabadilishana, na shambulizi lote linazimika. Nyeusi iko salama kabisa.

Lakini Topalov alipoila ngome kwa askari wa c5, ikaja ngome ya pili ya Kasparov e7, shaki (mfalme anatishiwa)! Hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Malkia mweusi akiila, malkia mweupe anatua d4, kisha b6, farasi anatoa shaki c6, na mfalme anafia pembeni a8. Topalov aliliona hilo, akakimbia. Mfalme wake akavuka ubao mzima hadi safu ya kwanza ya adui, na aliposalimu amri hatua ya 44 alikuwa amesimama e1.

Kwangu mimi, hatua ya 36 ya Kasparov, askofu kurudi f1, ndiyo nzuri kuliko zote. Bado naichambua.