Tupeane uzoefu: mikwaruzo ya sauti unaporekodi nyumbani kwa kompyuta

FundiChumbani
Wadau, juzi usiku nimerekodi beti mbili za wimbo wangu, nikazisikiliza: krr... krr... tak. Kila baada ya sekunde tatu hivi, kama mtu anavunja vijiti vikavu nyuma ya sauti yangu. Nimekumbuka nilivyoanza, nilihangaika miezi mitatu nikiamini maiki imekufa, kumbe tatizo lilikuwa bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya na kukichakata kwa mkupuo. Niliambiwa bafa ndogo ndiyo nzuri, nikaiweka sampuli 64 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti). Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, 64 ni kama milisekunde moja na nusu. Ndani ya muda huo kompyuta imalize hesabu za plagini zote, yaani zile programu ndogo za kurekebisha sauti. Ikichelewa kidogo tu, panatokea pengo, na pengo ndilo linalosikika kama mkwaruzo. Safari hii lakini bafa iko 512 na bado linakwaruza. Aliyepitia haya aseme: ilikukuta vipi, na ulijuaje chanzo?

BesiNzito
Panda 1024. Mimi nilipanda na sijasikia kitu tena.

Kinanda88
@BesiNzito mkuu, 1024 ni zaidi ya milisekunde 23, na hapo hujahesabu safari ya sauti kurudi masikioni. Nani ataimba akijisikia amechelewa hivyo? Bafa kubwa ni ya wakati wa kuchanganya. Wakati wa kurekodi shuka 128, zima plagini nzito, na kama saundi kadi yako (kile kifaa kinachoingiza maiki kwenye kompyuta) ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, kitumie.

BesiNzito
Mimi napiga besi na 1024 yangu na sichelewi. Masikio yanatofautiana.

MzeeWaWaya
Vijana, kabla ya bafa kuna swali linalotangulia: mkwaruzo umo ndani ya faili, au unatokea wakati wa kusikiliza tu? Rudisha nyuma, sikiliza tena sehemu ileile. Ukikwaruza mahali palepale kila mara, umerekodiwa. Ukihamahama, rekodi yako ni salama na kompyuta ndiyo inashindwa kucheza.

Kama umo ndani, vuta picha ya wimbi mpaka uone nukta mojamoja. Vilele vimekatwa bapa kama meza? Geini, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki, ilikuwa juu, punguza vilele vyako vibaki chini ya desibeli -6, ukiweza hata -12. Wimbi linakwenda vizuri kisha linaruka ghafla, kama ngazi? Hapo kuna sampuli zilizopotea: bafa, draiva (programu inayoendesha kifaa), USB. Na kama ni fujo isiyo na mpangilio inayokuja ukitikisa waya, basi ni waya. Nimerekodi watu miaka mingi na bado waya ndio nauangalia mwanzo, kwa sababu kuubadilisha ni dakika moja.

MamaKwaya
Mzee amesema kweli. Sisi tulimlaumu mwimbaji wa sauti ya tatu mwezi mzima kwamba anagusa stendi. Ilikuwa waya.

PresetiMpya
Kwangu ilikuwa waifai. Nilipakua LatencyMon, programu ya Windows inayoonyesha nini kinaichelewesha kompyuta, nikaiacha inapima dakika kumi, ikanionyesha draiva ya waifai inaishika kompyuta kwa muda mrefu kupita kiasi. Nikizima waifai, kimya. Nikiwasha, krr. Siku hizi nikirekodi nazima waifai na bluetoothi, na mpangilio wa umeme naweka wa nguvu kamili, ule wa kuokoa betri naukwepa kabisa.

SautiYaBibi
Nimesoma hadi hapo kwa MzeeWaWaya ikabidi niweke simu chini kwanza.

Mwaka jana nilimrekodi bibi yangu. Alikubali baada ya kumbembeleza muda mrefu, maana alikuwa anasema mambo yake hayana faida kwa mtu. Alikaa akazungumza saa mbili bila kuchoka: majina ya ndugu zake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, alivyokutana na babu, mtoto aliyempoteza ambaye hata mama yangu hakuwahi kusikia habari zake. Mimi nilikuwa nimekaa naye ana kwa ana na sikuvaa hedifoni, niliona zingemtisha. Niliangalia taa za saundi kadi tu. Taa zilikuwa za kijani, nikaridhika. Laptopu ilikuwa kwenye betri, na saundi kadi nilikuwa nimeichomeka kwenye kigawanyo cha USB pamoja na diski ya nje niliyokuwa narekodia humohumo.

Bibi alifariki wiki tano baadaye. Nilifungua faili baada ya mazishi. Inakwaruza kuanzia dakika ya kwanza. Kwenye jina la yule mtoto kuna tak moja kubwa. Sijaifungua tena tangu siku hiyo.

MamaKwaya
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu bibi.

FundiChumbani
Dada pole. Mambo yangu yangoje. Faili la asili bado unalo?

SautiYaBibi
Ninalo. WAV, sijaligusa.

MzeeWaWaya
Usiliguse hivyo hivyo. Toa nakala mbili, weka sehemu mbili tofauti, fanya kazi kwenye nakala. Na usiligeuze kuwa MP3.

PresetiMpya
Audacity, ile programu ya bure ya kuhariri sauti, ina kiondoa mikwaruzo. Chagua faili lote, bonyeza, nenda kalale. Asubuhi bibi anazungumza safi.

Kinanda88
@PresetiMpya usimshauri hivyo tafadhali. Ukikiachia faili zima, kitakula na herufi zake. "T" na "k" ya mtu mzee, kwa programu, inafanana na mkwaruzo. Dada, kwenye Audacity hiyohiyo kuna zana ya kurekebisha kipande kidogo, mwisho wake sampuli 128. Vuta karibu mpaka uone ile ngazi, chagua hapohapo tu, irekebishe, nenda kwa inayofuata. Ni kazi ya sindano na uzi, lakini sauti itabaki ya kwake.

PresetiMpya
Saa mbili zima, moja moja? Haiwezekani.

Kinanda88
Ni bibi yake. Inawezekana.

MzeeWaWaya
Niongeze jambo moja ili asije akaumia mara ya pili: sampuli zilizopotea hazirudi. Zana inashona kingo za pengo. Ila pengo la namna hii mara nyingi ni fupi kuliko herufi moja, kwa hiyo neno lenyewe huwa zima.

AmpuYaZamani
Kwa FundiChumbani: kama inakwaruza ukichomeka chaji tu, ni ethi, ule waya wa umeme unaokwenda ardhini. Kata pini ya ethi kwenye plagi, mwisho wa shida.

MzeeWaWaya
USIKATE. Pini ile ndiyo inayokulinda umeme ukivuja. Mpiga gitaa mwenye nyuzi za chuma mkononi na mdomo kwenye maiki ya chuma anaweza kufa pale pale. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, tumia waya zenye balansi (zinazofuta kelele inayoingia njiani), au rekodi kwa betri.

AmpuYaZamani
Nimefanya hivyo miaka kumi na niko hai.

MzeeWaWaya
Nashukuru uko hai. Usimfundishe mwingine.

UnyevuTupu
Jamani maiki za kondensa na unyevu pia. Yangu ilikuwa inapasuka kama mafuta ya moto kila msimu wa mvua. Sasa nailaza kwenye boksi lenye vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na imetulia.

Kinanda88
FundiChumbani, umesema "kila baada ya sekunde tatu hivi". Mkwaruzo unaokuja kwa mpangilio hivyo mara nyingi ni vifaa viwili ambavyo saa zao za ndani, zinazohesabu sampuli, hazikubaliani. Unarekodi kwa kifaa gani na unasikilizia wapi?

FundiChumbani
Maiki ya USB, nasikilizia kwenye laptopu.

Kinanda88
Basi kila kimoja kina saa yake. Chomeka hedifoni kwenye maiki yenyewe, na hakikisha kote ni sampuli 48,000 kwa sekunde au kote ni 44,100.

FundiChumbani
Nimerudi. Maiki ilikuwa 48,000, programu 44,100. Nimezilinganisha, nimehamisha hedifoni. Nusu saa sasa, hakuna tak hata moja. Asante sana kaka.

SautiYaBibi
Nami nimerudi. Sikulala. Nimemaliza dakika kumi na moja za mwanzo, mikwaruzo 37, mmoja mmoja. Kuna mahali anataja jina la babu halafu anacheka, na ule mkwaruzo ulikuwa katikati ya kicheko. Sasa hausikiki. Mama amesimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudie. Naingia dakika ya kumi na mbili.