Wakuu naombeni ushauri, nataka jina la Kiingereza cha kizamani kwa kitalu changu cha miche

Mche_Mbishi: Habari zenu wakuu. Nina kitalu cha miche ya parachichi huku Njombe, Hass ya kubebesha, na fundi wa bango amenikaba koo anataka jina wiki hii. Wateja siku hizi wengi ni wa mjini na wenye malodge kwa hiyo nataka Kiingereza, ila siyo hizi Green sijui nini ziko kila kona. Nimekesha na kamusi nikatoa maneno ya zamani ya mambo ya kukua: Wax, Burgeon, Pullulate, Eke na Etiolate. Roho imependa hilo la mwisho, linasikika kifaransa kifaransa hivi. Mnasemaje?

Mwalimu wa Zamu: Kiongozi simama hapo hapo!! Etiolate ni kweli limetoka Ufaransa na kweli linahusu kukua, ila ni kukua kwa mche uliokosa mwanga, unarefuka kama uzi, shina legelege, majani ya njano. Yaani unatangaza mwenyewe kwa rangi ya mafuta kwamba miche yako mibovu. Apite bwana shamba mmoja tu umekwisha.

Mche_Mbishi: Duh 😂😂 na nilishaanza kulizoesha familia

Binti Sayuni: Mi nakupa Wax kaka. Biblia ya King James ya 1611 limejaa humo, ile Luka 1:80 ambayo sisi tunasoma yule mtoto akakua, akaongezeka nguvu rohoni, wao wameandika "waxed strong in spirit". Wajerumani mpaka leo kukua wanaita wachsen, ni ndugu wa damu. Na mwezi mchanga ukielekea kujaa Waingereza bado wanatumia wax hiyo hiyo.

Konda Msomi: Dada Biblia sawa, lakini akiandika Wax pale barabarani watu watakuja kutolewa nywele za miguu. Wengine watauliza ya viatu bei gani

Mwalimu wa Zamu: 😅 Ni maneno mawili, la kukua na la nta, yamegongana spelling tu, ila Konda ana pointi, mteja hasomi kamusi. Pullulate nalo kwa Kilatini lilikuwa zuri kabisa, kuchipua, ukoo mmoja na neno la kifaranga, ila leo ukilikuta ujue panya au funza wamejaa mahali. Burgeon lilianza kama jicho la mti linafumuka, kwa mtu wa kubebesha linafaa, shida ni kwamba magazeti yamelichosha, kila kitu kinaburgeon mpaka madeni. Mimi ningekuongezea crescive. Shakespeare kalitumia kwenye Henry V, askofu mmoja anamwambia mwenzake kwamba huyu mfalme ujana wake ulionekana wa fujo tu kumbe akili inakua chini kwa chini, kama nyasi za majira ya joto zinazokua upesi zaidi usiku, hakuna anayeziona. Hapo huwa nasimama nasoma mara mbili.

Konda Msomi: Tamu ila nani wa kulitamka mwalimu, mteja akipotea njia atamuuliza boda nini?

Mzinga wa Pili: Mbona Eke mnairuka? Mimi nafuga nyuki ndo maana naijua. Zamani Uingereza mizinga ilisukwa kwa majani makavu kama kapu limefunikwa, sasa nyuki wakizidi mfugaji anachomeka pete ya majani pale chini nafasi iongezeke, pete hiyo ndiyo eke, nyongeza. Hata nickname imetokea hapo, ilikuwa "an eke name", jina la kuongezea, watu kwa kutamka haraka ile n ikahamia neno la mbele ikaganda huko.

Konda Msomi: Ila mzee, siku hizi eke out ni maisha ya kuungaunga, mtu anabangaiza

Mche_Mbishi: Mrejesho wakuu. Jana nimemtamkisha mama yangu yote. Wax kauliza kama nimehama kilimo, Burgeon kasema bajeti, Crescive kakataa kabisa kujaribu. Eke kaitamka e-ke bila kusita akaendelea kujaza viriba. Nikampigia fundi wa bango, kumbe anachaji kwa herufi. Eke ina tatu. Kubangaiza nabangaiza kweli, lipakwe hilo hilo.