Naomba ushauri: kupanda ufa mpana kwenye mwamba wa baharini, Malindi

Wakuu, hamjambo? Hapa Malindi kuna mwamba wa matumbawe ufuoni, haufiki hata mita 10, una ufa ulionyooka toka chini hadi juu. Shida ni upana wake: ngumi inapwaya, mwili hauingii. Goti linazama hadi pajani, kisha linagoma kutoka!

Nimezoea kupanda Hell's Gate kule Naivasha, jiwe la volkano, nyufa za kuingia vidole tu. Huku jiwe linachana ngozi kama wembe, na kingo zinameguka ukizigonga. Vile vyuma vya springi vinavyojitanua ndani ya ufa ili kushika kamba vitanishika kweli nikianguka, au vitang'oka na jiwe lenyewe? Kikubwa nilicho nacho kinacheza tu ndani. Bolti za kutobolea mwamba sitaki, chumvi itazila. Na msiniambie nifunge kamba juu, juu hakuna mti wala pa kuizungushia.

Mnaojua nyufa hizi, kiwiko na kiganja mnavibanaje? Bega lipi linatangulia?

Wavuvi wananishauri nisubiri maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, maana wakati wa bamvua maji yakijaa pa kusimama panafunikwa. Sawa, lakini jiwe litakuwa limekauka? Vyuma je, kuvisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kunatosha au nipake na mafuta?