Mrejesho: Willie Davis na mashimo 12 ya Shinnecock

Ndugu zangu, niliwauliza ni nani hasa aliyechora mashimo 12 ya kwanza ya uwanja wa gofu wa Shinnecock Hills, New York, kwani kila nilikosoma nilikuta sifa hiyo amepewa Willie Dunn, mchezaji wa gofu kutoka Scotland. Nawashukuru sana mlionishauri nilinganishe tarehe, maana hapo ndipo fundo lilipofunguka: Dunn alifika huko mwaka 1893, ilhali mashimo hayo yalipangwa mwaka 1891 na Willie Davis, mwalimu wa gofu kutoka klabu ya Royal Montreal ya Kanada, huku vibarua wa Washinnecock, wenyeji asilia wa eneo hilo, wakifyeka vichaka.

Kilichonigusa zaidi ni matokeo ya mashindano ya kwanza ya wazi ya gofu ya Marekani (US Open), yaliyochezwa Newport, Rhode Island, tarehe 4 Oktoba 1895, katika uwanja wa mashimo 9 aliouchora Davis mwenyewe. Horace Rawlins, msaidizi wake, alishinda kwa mipigo michache zaidi, 173, Dunn akafuata kwa 175, naye Davis akawa wa tano kwa 178.

Davis alifariki mwaka 1902. Dunn aliishi hadi 1952 akisimulia habari hizo kwa upande wake, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya jina la Davis kufifia.