Wakuu, kunyamaza siyo kukubali! Watu watatu wameamua usiku, sisi tumeambiwa "tumeshakubaliana"

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Kwenye mradi wa programu huria ninaojitolea tumebishana miezi minne: tuendelee kuzihudumia simu za zamani au tuziache? Wanaotaka tuziache wana hoja, maana kila toleo la zamani la Android ni kazi ya ziada kwa watu wasiolipwa hata senti. Mimi nikaazima simu ya mama mmoja mwenye duka la dawa mtaani kwetu, kioo kimepasuka, mfuniko umebanwa kwa rababendi. Programu yetu ilichukua sekunde 9 kufunguka. Kwa kiraka changu, yaani marekebisho niliyoandika kwenye msimbo, sekunde 4. Nikaweka vipimo vyote, nikasubiri wiki mbili. Kimya.

Jumatatu naamka, kiraka kimefungwa, yaani kimekataliwa: "Tumeshakubaliana." Nani kakubaliana na nani? Kumbe watatu walimalizana usiku kwenye kundi lao la WhatsApp!

Kushindwa nakubali. Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, waliraruana mwaka 2014 kuhusu systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo kompyuta inapowashwa. Kamati yao ya ufundi ya watu 8 ikagawanyika 4 kwa 4, ikabidi mwenyekiti apige kura ya uamuzi. Waliumia sana. Wapo waliojiuzulu, na wengine wakajitenga wakaanzisha Devuan, mfumo wao usio na systemd. Lakini kura zile ziko hadharani mpaka leo, unasoma nani alitaka nini na kwa nini. Wale wa lugha ya programu ya Python nao, mwanzilishi wao Guido van Rossum alipochoshwa na mvutano wa PEP 572 (pendekezo la kuongeza alama mpya kwenye lugha hiyo) akaachia uongozi Julai 2018, waliobaki walikaa wakaandika utaratibu, kisha wakachagua baraza la watu 5, wasiozidi 2 kutoka kampuni moja.

Sisi tuko 14 na hatuna hata ukurasa mmoja unaosema nani anaamua na mjadala unafungwa lini. Kwa hiyo anashinda mwenye bando na muda wa kukesha. Mwenye kazi ya mchana na watoto, imekula kwake. Dada aliyetafsiri karibu nusu ya programu kwa Kiswahili ameondoka bila kuaga, na hakuna aliyemuuliza kulikoni.

Nataka kiraka kifunguliwe upya, yaliyozungumzwa kwenye lile kundi yaletwe mbele ya wote 14, na siku ya kura itangazwe mapema. Mpaka hapo sigusi tena msimbo wa mradi huo.