Naomba ushauri: kuhifadhi maarifa ya wazee wetu wa Kiogiek

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima na kuomba mwongozo wenu.

Katika ukoo wetu wa Kiogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau nchini Kenya, nimekuwa nikirekodi kwa simu maelezo ya wazee kuhusu urinaji wa asali: namna gogo la mwerezi linavyopasuliwa na kuchongwa ndani hadi liwe mzinga, linavyofunikwa kwa magome ili mvua isipenye, na jinsi koo zilivyofuata majira ya maua kutoka sehemu za chini za msitu hadi za juu. Wanaoyajua haya kwa ukamilifu wamebaki wachache, nami sitaki yapotee nao.

Vijana wanataka rekodi ziwekwe mtandaoni. Wazee wanakubali mbinu zionyeshwe, lakini wanakataa katakata kutangaza dawa za miti na mipaka ya koo. Naona wana haki, hasa kwa kuwa suala la ardhi yetu halijatulia hata baada ya hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu za 2017 na 2022, zilizotupa haki dhidi ya serikali.

Nimesoma sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na nimeuliza ofisi husika bila kupata jibu la kueleweka.

Je, idhini ya wazee iandikwe kwa jina la nani, ikiwa ukoo haujasajiliwa kama kikundi? Na aliyewahi kutenga rekodi za umma na zile za ukoo pekee, alifuata utaratibu gani?